Masalio ya Vita Kwenye Kidaka: Namna ya Kukusanya Vifaa vya Kijeshi Ukiwa Malindi au Lamu

Ami yangu wa Lamu ana sanduku la chuma la kijani kilichofubaa, analowekea ndoana, mishipi na risasi za kuzamishia nyavu. Tangu utotoni, kila nikienda kwake likizo, nalikuta chini ya kitanda cha kamba, na hakuna aliyelijali. Siku moja, nikiwa mtu mzima, nikalivuta mpaka mlangoni kutafuta sindano, jua likapiga ubavuni. Nikaona maandishi ya manjano: 200, kisha 7.62MM NATO, na mbele kidogo LC-90K na tarakimu nyingine.

"Ami, hili ulilipata wapi?"

"Kwa nahodha aliyetoka Kismayu, mwaka ule wakimbizi walipojaa. Nilimpa samaki, akanipa sanduku."

Ilinichukua wiki kadhaa kuyaelewa yale maandishi. Sanduku lilikuwa la risasi 200 za bunduki ya rashasha. LC ni Lake City, kiwanda cha risasi cha jeshi la Marekani kilichoko jimbo la Missouri. 90 ni mwaka. K ni mwezi: A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea hivyo, ila herufi I inarukwa, kwa hiyo K inaangukia Oktoba. Oktoba 1990 ndiyo miezi ambayo Marekani ilikuwa ikimwaga askari Saudia baada ya Iraki kuivamia Kuwait. Na sasa sanduku lile linanuka papa mkavu, Lamu.

Hapo ndipo nilipoambukizwa. Ninachokusanya ni vitu vyenye maandishi, na watu wenye maneno juu yake. Chupa ya maji ya askari isiyo na lebo wala mwenyewe wa kuisimulia ni bati tu, na bati wanunuzi wa vyuma chakavu watakupimia kwa kilo.

Hatua ya kwanza: jua usichogusa

Nimeanza na hili kwa sababu ukiliruka hutafika hatua ya pili.

Nguo za mabaka, achana nazo kabisa. Sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, na usitegemee kujitetea kwamba ilikuwa ndani ya begi tu, hukuivaa. Wakusanyaji wa Ulaya wanajaza makabati kwa makoti ya mabaka ya kila nchi, wewe usiwaige. Majirani zetu Tanzania nao ni vilevile: Agosti 2023 jeshi lao, JWTZ, liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi ya kijeshi. Binamu yangu alinunua suruali ya mabaka kwenye robota la mitumba, akaiona fasheni, akapanda nayo basi la Lamu. Kwenye kizuizi cha barabarani akashushwa peke yake. Alirudi nyumbani siku ya pili akiwa amejifunga kikoi cha kuazima, na mpaka leo harusini hawachoki kumtania.

Kwetu jambo hili halina mchezo, na si la polisi peke yao. Tangu majeshi ya Kenya yaingie Somalia Oktoba 2011, Lamu imepitia shambulio la Mpeketoni Juni 2014, imepitia Operesheni Linda Boni ya kuwasaka wapiganaji msituni, na Januari 5, 2020 ikashambuliwa kambi ya Manda Bay. Wauaji wamewahi kuja wamevaa sare. Mama aliyeko shambani kijijini Hindi, Lamu bara, akimwona mtu mwenye mabaka anatokea kichakani, hana muda wa kuuliza kama ni mkusanyaji.

Silaha na risasi zina sheria yake, na usidhani risasi iliyoozea kutu imekufa. Hata maganda matupu mimi sichukui. Baionete, vesti za kuzuia risasi, darubini za kuonea usiku, yote hayo yaache. Redio za kijeshi nazo ni vivyo hivyo, kwani chombo cha kurushia mawimbi kinahitaji leseni hata kama kina miaka arobaini.

Ukiwa porini au kando ya barabara, hasa upande wa msitu wa Boni na kuelekea Kiunga, ukaona chuma usichokijua, usikiokote, usikisogeze, usikipige picha kwa karibu. Rudi kwa nyayo zako ulizojia, kisha piga 999 au 112. Kitu cha kukusanya hakiokotwi porini. Mizinga ya kale na vinavyofukuliwa kwenye magofu ni mali ya urithi wa taifa chini ya sheria ya makumbusho ya mwaka 2006, kwa hiyo hivyo ni habari nyingine kabisa.

Kinachobaki ni kingi kuliko unavyodhani: chupa za maji, vikombe na sufuria za kukunja, vijiko, dira, tochi, mashanta ya kijani tupu, mablanketi, maturubai, ramani, vitabu vya maelekezo, barua, picha, bereti za buluu za Umoja wa Mataifa ukipewa na mwenyewe, madumu ya chuma. Hivyo vyote vikae nyumbani. Sanduku la Ami halitoki nje, na mimi shanta langu la Marekani sijawahi kulibeba mgongoni hata kwenda sokoni.

Hatua ya pili: chagua vita vya kufuatilia

Anayekusanya kila kitu huishia na stoo. Chagua vita vya nusu ya pili ya karne iliyopita vyenye mlango wa kuingilia kutoka hapa ulipo.

Ukiniuliza mimi, mlango wa pwani ni Somalia. Serikali ya Siad Barre iliangushwa Januari 1991, na miezi iliyofuata majahazi yakawa yanashusha watu Lamu, Malindi na Mombasa. Agosti 1992 Wamarekani walianza kurusha ndege za chakula cha msaada kutoka uwanja wa Mombasa. Desemba mwaka huohuo askari wakateremka Mogadishu, wakifuatwa na wa nchi zaidi ya ishirini, na wa mwisho wa Umoja wa Mataifa wakaondoka Machi 1995. Maana yake, vitu vilivyotawanyika wakati ule havina utaifa mmoja. Kismayu, iliyo karibu nasi zaidi, walianza kukaa Wabelgiji. Wajerumani walikuwa Belet Weyne. Waitaliano walikuwa na eneo lao, na Julai 2, 1993 walipigana vita vikali Mogadishu penye kizuizi walichokiita Pasta, kwa kuwa palikuwa na kiwanda cha tambi. Chini ya tabaka hilo kuna jingine la zamani zaidi: jeshi la Somalia lilivalishwa na kupewa silaha na Wasovieti mpaka Novemba 1977, urafiki ulipovunjika kwa sababu ya vita vya Ogaden. Kwa hiyo usishangae kukuta chupa ya alumini yenye herufi za Kirusi kwa fundi wa baiskeli.

Mlango wa pili ni askari wetu wenyewe. Kenya ilipeleka kikosi Namibia 1989 hadi 1990 wakati wa uchaguzi wa uhuru, ikapeleka kingine Kroatia kuanzia 1992, na Sierra Leone mwishoni mwa muongo huo, ambako Jenerali Daniel Opande aliongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa. Wastaafu wa safari hizo wapo, na wengine wamejenga hukuhuku pwani. Mtoto wa Kilifi aliyeona theluji mara ya kwanza akiwa lindoni Balkani ana mengi ya kusema, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Falklands ya 1982 kati ya Uingereza na Argentina, Afghanistan ya Wasovieti kuanzia 1979 hadi 1989, Ghuba ya 1991: hivyo utavipata kwa kununua mtandaoni tu. Si vibaya, ila havina jirani wa kukusimulia.

Hatua ya tatu: pa kutafutia

Malindi ina kitu ambacho miji mingine ya Kenya haina: Waitaliano wazee. Walianza kuja miaka ya 1960, wengine na mradi wa roketi za San Marco pale Ngomeni, wengine kwa ajili ya bahari. Sasa fikiri: nchini kwao kijana wa kiume alilazimika kwenda jeshini, na ulazima huo ulisimamishwa mwaka 2005. Maana yake karibu kila mzee wa Kiitaliano unayemwona anakunywa kahawa amewahi kulala kambini. Sufuria yake ya jeshi wanaiita *gavetta*. Wengi waliondoka nazo kama kumbukumbu, na nyumba zinapouzwa vyombo hutolewa nje kwa bei ya kutupa. Yangu niliipata hivyo, imejaa misumari, kwa shilingi 400. Mzee mwenyewe aliponiona naigeuza kutazama kitako alicheka, akaniuliza kama nataka na hadithi yake. Nilikaa mpaka magharibi.

Kwa hiyo zungumza na walinzi na wapishi wa nyumba hizo, na mafundi wanaoitwa kusafisha stoo. Waambie unataka nini kwa maneno ya wazi: vyombo vya kulia na chupa, si silaha. Rudia hilo la mwisho.

Lamu, pita kwa mafundi wa vyombo vya baharini na wavuvi wakongwe. Mvuvi hatupi kitu kigumu. Dumu la chuma la lita 20 lililopigwa chapa ya mwaka, turubai nene la kijani lililogeuzwa kifuniko cha mashine, kamba nyembamba ya parashuti inayofungia chambo: ndiyo makumbusho yenyewe hayo, yako kazini. Usiende ukichomoa. Kaa barazani kwanza, salimu, nywa kahawa, uliza habari za bahari. Ukianza na bei, utapewa bei ya mgeni hata kama babu yako amezikwa Langoni.

Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, pita asubuhi kabla lori halijaja. Kwenye mitumba utapata mashanta na mikanda, lakini kumbuka hatua ya kwanza.

Mtandaoni, wauzaji wa Ujerumani, Italia na Uingereza wana shehena. Ujerumani Mashariki ilipofutika Oktoba 3, 1990, jeshi lake zima liligeuka bidhaa, na chupa zake za plastiki ya kahawia bado zinauzwa rahisi. Mwombe muuzaji aandike yaliyomo kwa maneno ya kawaida, chupa ya maji ya alumini iliyotumika, atie na picha, wala asiongeze mbwembwe za "vita" juu ya kifurushi. Ushuru wa forodha uujumlishe kabla ya kulipa. Na hakikisha mfuko wa chupa si wa mabaka. Mifuko ya Marekani ya miaka ya 1970 na 1980 mingi ni kijani tupu, kwa hiyo huna haja ya kulazimisha.

Hatua ya nne: geuza kitu, soma

Hapa ndipo utamu ulipo. Beba kioo cha kukuzia, tochi na mswaki laini. Jeshi ni watu wa makaratasi, kila kitu chao wamekiandika mahali fulani: kitako, ndani ya kifuniko, nyuma ya mkono wa kikombe, ndani ya mfuko uliogeuzwa nje.

Tafuta kwanza namba ya tarakimu 13 iliyokatwa mafungu manne: nne, mbili, tatu, nne. Ni namba ya hesabu ya stoo za NATO na washirika wake. Nne za mwanzo zinataja aina ya kitu. 8465 ni vifaa vya kubebwa na askari, kama shanta na chupa, 8470 ni helmeti na kinga za mwili, na 6605 ni dira na vifaa vya kuelekezea. Mbili zinazofuata ndizo nchi iliyosajili: 00 na 01 ni Marekani, 12 Ujerumani, 13 Ubelgiji, 14 Ufaransa, 15 Italia, 18 Afrika Kusini, 21 Kanada, 66 Australia, 99 Uingereza. Ukizishika hizo tisa tu, utamtambua mgeni wako kabla hajafungua kinywa.

Kosa la wanaoanza ni kudhani namba hiyo inasema lini kitu kilitengenezwa. Haisemi. Inasema kiliandikwa daftarini kama kitu cha aina gani, na namba hiyohiyo inaweza kudumu miaka thelathini. Mwaka utafute kwenye mkataba. Lebo ya Marekani ikisema DLA100-87-C na kuendelea, ile 87 ni mwaka wa fedha wa mkataba. Ikianza na DSA badala ya DLA, ni ya zamani zaidi, kwa sababu idara ya ugavi ya jeshi lao ilibadili jina 1977. Ikianza na SPO100, uko katikati ya miaka ya 1990 au baada yake. Vikombe vya chuma na chupa za plastiki za Marekani zina U.S. na mwaka umekandamizwa moja kwa moja, wala huhitaji kuhangaika na mikataba.

Waingereza wanapiga kimshale chenye vidole vitatu kama unyayo wa kuku, na mara nyingi mwaka pembeni. Waitaliano wanaandika E.I., yaani Esercito Italiano, ukikuta R.E. umeshika kitu cha enzi za mfalme, cha kabla ya 1946. Wabelgiji wanaandika ABL, herufi zinazobeba jina la jeshi kwa Kifaransa na Kiholanzi kwa pamoja, na mwaka. Chupa ya ABL iliyotoka kwa mtu wa Kismayu ndiyo ndoto yangu. Bado sijaipata. Kwenye vitu vya Kisovieti utakuta alama ya kiwanda, mwaka, na pengine muhuri wa mkaguzi wa ubora.

Nikupe aibu yangu. Nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni chupa nyeusi ya Kiingereza, akaapa ilikwenda Falklands. Vita vile vilianza Aprili 2 vikaisha Juni 14, 1982. Chupa ilipofika nikaigeuza: 1989. Picha ya kitako alikuwa ameiweka kwenye tangazo lake, ni mimi sikuitazama, macho yangu yalikuwa kwenye hadithi. Tangu siku ile, muuzaji akisema "hii ilikuwa vitani", namjibu "nionyeshe kitako".

Mwaka ukilingana, bado hujathibitisha kitu kilikuwa wapi. Umethibitisha tu kwamba *kingeweza* kuwa pale. Kinachojaza pengo ni jina lililochorwa kwa msumari, namba ya askari, barua, picha ya mwenyewe akiwa nacho. Yasipokuwepo, andika "haijulikani".

Hatua ya tano: vitu vitatu vya kushika kwa adabu

Dira. Zile za Marekani za miaka ya 1980 zinang'aa gizani kwa tritiamu iliyofungwa kwenye vibomba vidogo, na zimepigwa alama ya mionzi yenye mabawa matatu. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka kama 12, kwa hiyo dira ya 1985 imebaki na moja ya kumi tu ya mwanga wake. Mtu akikuuzia kwa madai kwamba inawaka kama mpya, mashaka. Usiifungue wala usiivunje. Dira na saa za zamani zaidi zilipakwa radiamu, na ile haichoki upesi hivyo. Unga wake usiuguse wala kuupumua, na kitu kilichopasuka kioo usikiingize nyumbani.

Barakoa za gesi. Filta kuukuu usivutie hewa hata kwa utani wa picha. Baadhi ya filta za Kisovieti zina asbesto ndani. Mimi sinunui kabisa, na watoto wa nyumbani ndio sababu.

Chakula cha pakiti. Kipo, kinauzwa, na wapo wanaokionja. Kipige picha.

Hatua ya sita: pambana na chumvi

Adui wa mkusanyaji wa pwani ni hewa. Kitu kilichokaa salama miaka thelathini kwenye ghala la Bavaria kinaweza kuharibika Shela kwa masika mawili.

Fanya usafi wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua kavu na upepo mwepesi. Kusi ikishaingia na mvua zake, usiloweshe kitu cha turubai, hakitakauka mpaka kiote ukungu. Tumia maji ya mvua. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, unasafisha chumvi kwa chumvi. Ukiwa Lamu na huna ya mvua, tumia yale matamu yatokayo kwenye machuguu ya mchanga ya Shela, si ya kisima cha uani.

Chupa ya alumini: sabuni laini, maji ya uvuguvugu, kitambaa, basi. Najua bibi zetu wanang'arisha kila kitu kwa ndimu na jivu. Kwa sinia la shaba la harusi, sawa. Kwa chupa ya askari, ndimu inakula alumini, na jivu linafuta herufi zilezile ulizozinunulia. Sufuria yangu ya kwanza niliisugua ikawa kama kioo, mwaka ukapotea. Mzee wa Kiitaliano alipoiona alisikitika kuliko mimi.

Chuma chenye kutu: kwangua kwa kijiti cha mti mgumu, kisha kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, ufute mpaka kidole kisiteleze. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Mafuta ya nazi usitumie, si kwenye chuma, si kwenye ngozi. Yanaoza na kualika wadudu, na nyumba nzima itakujua. Na sifa, yale mafuta ya samaki, tuwaachie wenye majahazi. Ngozi ipake nta ya nyuki kidogo sana.

Shanta na makoti ya mvua vina utando wa plastiki kwa ndani. Joto na unyevu vinauvunja, unaanza kunata kama ubuyu. Ukishaanza haurudi. Kabla ya kununua, tia mkono ndani: ukishikwa, acha. Viatu ni hatari hiyohiyo. Buti za miaka ya 1980 na 1990 zenye soli za povu zinaonekana mpya kabisa, kwa kuwa hazijavaliwa, lakini soli imeshaoza kwa ndani. Unazivaa mara moja, unapiga hatua kumi, unaacha makombo nyuma yako kama mkate.

Wadudu nawafukuza kwa majani makavu ya mwarobaini kwenye kifuko cha kitambaa, yasigusane na kitu. Tembe za nafthalini zinaharibu baadhi ya plastiki, kwa hiyo hazikai na chupa. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikusanye kwa jamaa wote, vianike juani mara kwa mara, uvitie kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana.

Na zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Ukirithi nyumba ya mawe ya Lamu, utatamani kupanga kila kitu kwenye zidaka, kwa kuwa hakuna kabati la dunia hii linalopendeza kama lile. Panga, lakini ukuta wa matumbawe unatoa chumvi. Utaiona ikichanua nyeupe chini ya chokaa. Weka kipande cha mbao au plastiki nene nyuma na chini ya kila kitu, na kitambaa kisiguse ukuta kamwe. Kabla ya kupanga, tembelea Ngome ya Lamu na makumbusho ya Malindi utazame wenyewe wanavyoinua vitu juu ya rafu. Hawachoki kuulizwa maswali.

Hatua ya saba: nishani si bidhaa

Mstaafu anaweza kukuonyesha nishani ya Umoja wa Mataifa: duara ya shaba, nembo ya dunia upande mmoja, upande wa pili maneno ya Kiingereza yanayosema "katika utumishi wa amani". Duara ni moja kwa safari nyingi, kinachotofautisha ni rangi za utepe, kila misheni na zake. Utepe ukibadilishwa, nishani imepoteza anwani.

Mimi sizinunui. Akifa mwenyewe, mjane akaja nayo mwisho wa mwezi kwa sababu ya karo, msaidie karo kama unaweza na umwachie nishani. Omba tu ruhusa uipige picha mbele na nyuma, pamoja na cheti chake kama kipo. Miaka kumi baadaye mjukuu ataitafuta, na itakuwa mahali pake. Wapo wakusanyaji watakaoniona mjinga kwa hili. Waache waone.

Hatua ya nane: daftari

Kila kitu kipe namba, uiandike kwenye kadi iliyofungwa kwa uzi, si juu ya kitu chenyewe. Kwenye daftari andika: kilitoka kwa nani, lini, wapi, kwa bei gani, maandishi yake yote hata usiyoyaelewa, na picha ya kitako. Weka risiti. Afisa akija kuuliza, daftari lenye tarehe linazungumza vizuri kuliko wewe ukiwa na jasho. Ukiwa Lamu, mwarifu na mzee wa mtaa una nini nyumbani kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Maneno ya mtu yaandike kama alivyoyasema, au yarekodi kwa simu ukiwa na idhini yake. Na rudi tena baada ya mwaka umuulize upya. Mimi nilirudi kwa Ami kaskazi iliyopita, nikawasha simu, nikamuuliza habari za lile sanduku.

"Nilimpa kanga mbili za mkewe," akasema. "Alikuwa amekuja na watoto na hawana nguo."

"Si ulisema samaki?"

Akanyamaza, akavuta uzi wa wavu. "Samaki walikula siku hiyohiyo. Kanga ni siku aliyoondoka."

Kwenye daftari, namba 1, kuna maelezo mawili, kila moja na tarehe yake.